Jiko la Gesi Linalowaka Moto wa Njano: Mwongozo Kamili wa Kulisafisha na Kulitunza Nyumbani

Watu wengi hapa Kigoma husafisha majiko yao ya gesi kila wiki na bado masufuria yanatoka meusi. Kofia za vichomeo husuguliwa mpaka zikang'aa na jiko likafutwa vizuri, lakini likiwashwa moto unapanda ule ule wa njano, unarukaruka, au unazimika ukipunguzwa. Malalamiko hayo nimeyasikia Mwanga, Gungu na Ujiji kwa maneno yanayokaribia kufanana, na sababu yake karibu kila mara ni moja: uchafu unaoharibu moto haukai pale jicho linapouona. Umo ndani ya bomba la hewa na kwenye tundu dogo la nozeli, yaani kile kipande kidogo kinachotolea gesi, chini ya uso wa jiko, mahali ambapo dodoki halifiki.

Mwongozo huu unahusu jiko la mezani lenye vichomeo viwili au zaidi, linalounganishwa na mtungi kwa mpira na regulata, kile kifaa cha kwenye mtungi kinachopunguza mgandamizo wa gesi. Wenye kichomeo kinachokaa juu ya mtungi mdogo wa kilo 6 wana sehemu yao karibu na mwisho, ingawa hatua za kuosha, kukausha na kupima kwa sabuni ni zao pia. Tenga asubuhi nzima kwa kazi hii, kwa kuwa kukausha kunahitaji jua na subira, na anayesafisha huku anawaza chakula cha mchana ndiye anayelirudisha jiko likiwa bado na maji.

## Vifaa vya kuandaa

- Beseni pana na ndoo ya maji ya moto
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo
- Mswaki wa zamani na brashi nyembamba ya kuoshea chupa
- Sindano ya kushonea iliyo nyembamba
- Kipande kifupi cha waya wa umeme wenye nyuzi nyingi ndani
- Bisibisi ya nyota na spana inayokaa sawasawa kwenye nozeli
- Vitambaa vya pamba visivyoacha nyuzi, na gazeti la kutandika
- Tochi, au simu yenye taa
- Siki au ndimu mbili kwa madoa yaliyokaidi
- Sponji na kikombe kwa ajili ya kupima uvujaji
- Pampu ya baiskeli, kama ipo nyumbani

Viko pia vitu ambavyo havitakiwi kabisa karibu na kazi hii. Petroli na mafuta ya taa vikae mbali, hata kama vinaondoa mafuta haraka, kwa sababu masalia yake hubaki ndani ya bomba na kuwaka siku ya kwanza. Kostiki soda isiguse kichomeo, kwa kuwa vichomeo vingi na bomba zake ni vya alumini, na kostiki huila alumini mpaka matundu yanapanuka. Majivu, ambayo wengi wetu tumelelewa tukiyatumia kusugulia masufuria, yana tabia hiyo hiyo kwa kiasi kidogo, tena hujaza vitundu.

## Hatua ya 1: Kata gesi na uache jiko lipoe

Washa kichomeo kimoja, kisha funga gesi kwenye regulata huku moto ukiwa bado unawaka. Moto utapungua taratibu na kuzimika wenyewe. Kwa njia hii gesi iliyobaki ndani ya mpira inaungua badala ya kumwagika chumbani utakapouchomoa.

Zungusha swichi zote za jiko zirudi mahali pa kuzimia, vua regulata kwenye mtungi, kisha upeleke mtungi nje kivulini ukiwa umesimama wima. Mtungi usilazwe hata kwa dakika moja. Ndani yake gesi iko katika hali ya kimiminika, na ukiulaza kimiminika hicho hufika kwenye vali, mahali palipokusudiwa kupita mvuke peke yake.

Kama jikoni kuna jiko la mkaa linalowaka, na nyumba nyingi hapa zina yote mawili, litolewe nje kwa upande mwingine wa nyumba kabla hujagusa chochote. Kisha subiri nusu saa. Jiko la kioo ndilo linalohitaji subira zaidi, kwa sababu kioo chenye joto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka vipande vipande.

Umefaulu ikiwa unaweza kuweka kiganja juu ya kichomeo bila kuhisi joto, na hakuna harufu ya gesi chumbani.

## Hatua ya 2: Vua sehemu za juu kwa mpangilio

Piga picha ya jiko kabla ya kuvua chochote, kisha picha nyingine kila unapovua sehemu. Vua vikalio vya sufuria, kofia za vichomeo, pete za ndani na sinia za kudakia matone.

Shughulikia kichomeo kimoja mpaka mwisho kabla ya kuanza kingine. Kofia za vichomeo viwili zinaweza kuonekana sawa kwa macho na zikatofautiana kidogo, na kofia isiyokaa vizuri kwenye kitako chake huvujisha moto pembeni, huunguza rangi ya jiko, na mara nyingine hurudisha moto ndani ya bomba. Nyingi ya kesi za jiko lililoharibika baada ya kusafishwa ni kofia zilizobadilishana nafasi, wala si kifaa kilichokufa.

## Hatua ya 3: Osha kofia na vichwa vya vichomeo

Loweka kofia na pete kwenye maji ya moto yenye sabuni kwa nusu saa. Moto wa maji hapa una sababu yake. Kwetu kunapikwa sana kwa mawese, nayo huganda yakipoa: yaliyomwagika jioni yakiwa majimaji, asubuhi yameshaziba vitundu yakiwa magumu. Maji baridi huyasambaza tu, na sabuni peke yake huteleza juu yake. Ukiona utando wa rangi ya machungwa unaelea kwenye beseni, mwaga maji hayo na uweke mengine ya moto kabla ya kuanza kusugua.

Sugua kwa mswaki, kisha zibua kitundu kimoja kimoja kwa sindano. Usitumie njiti ya kiberiti wala ya kuchokonolea meno, kwa kuwa ncha yake hukatikia ndani. Sindano iingie na kutoka bila kuzungushwa kwa nguvu, maana kazi ni kuondoa kilichoziba na tundu lenyewe libaki kama lilivyotengenezwa.

Maji ya dagaa yaliyofurika na kukauka huacha ukoko wenye chumvi unaoshikamana na chuma. Upake siki au maji ya ndimu, uache kwa dakika kumi, kisha suuza vizuri, kwa sababu tindikali ikibaki huleta kutu kwenye sehemu za chuma.

Ukimaliza, inua kofia kuelekea kwenye mwanga. Kila kitundu kinapaswa kuonyesha nuru, pande zote, bila hata kimoja kilichofifia.

## Hatua ya 4: Safisha nozeli na bomba la hewa

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu.

Gesi inapotoka kwenye nozeli hutoka kwa kasi kupitia tundu jembamba sana, na kasi hiyo ndiyo inayovuta hewa kutoka pembeni kuingia nayo kwenye bomba. Ndani ya bomba gesi na hewa huchanganyika, na mchanganyiko huo ndio unaofika kwenye kichomeo. Nozeli ikiziba nusu, gesi hutoka kwa unyonge na kuvuta hewa kidogo. Bomba likiwa na utando wa buibui, hewa haiingii ipasavyo hata kama nozeli ni safi. Kwa vyovyote vile gesi inaungua bila hewa ya kutosha, chembe za kaboni zisizoungua zinang'aa kwa rangi ya njano, kisha zinaganda kwenye sufuria kama masizi. Pamoja na masizi hutoka kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoanza kwa kuumiza kichwa na kuleta kizunguzungu, na ambayo katika chumba kilichofungwa inaua. Kwa hiyo sufuria jeusi ni jambo la afya kabla ya kuwa jambo la usafi.

Tandika kitambaa kinene mezani na ugeuze jiko kifudifudi. Utaona bomba fupi, moja kwa kila kichomeo, linaloanzia nyuma ya swichi na kuishia chini ya kichwa cha kichomeo. Kwenye mdomo wake upande wa swichi kuna bati dogo linalozunguka na kufungua au kufunga uwazi wa hewa. Kabla ya kuligusa, weka alama kwa kalamu mahali lilipo sasa.

Fungua skrubu inayoshika bomba na ulivute taratibu. Nyuma yake itabaki nozeli, kipande kidogo cha shaba ya njano chenye tundu katikati. Kwenye nozeli nyingi imegongwa namba inayotaja kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, hivyo 70 maana yake ni milimita 0.70. Namba ya kichomeo kikubwa na ya kidogo hazilingani, na nozeli zikibadilishana, kichomeo kimoja kitapata gesi nyingi kuliko hewa yake. Hii ni sababu nyingine ya kumaliza kimoja kabla ya kingine.

Kama nozeli inafunguka kwa spana bila kulazimishwa, itoe. Kama inagoma, iache mahali pake na uisafishe hapo hapo, kwa kuwa shaba hiyo ni laini na huvunjika kwenye nyuzi zake za skrubu.

Sasa menya ule waya wa umeme na uchomoe uzi mmoja wa shaba. Upitishe kwenye tundu la nozeli mara kadhaa. Uzi huu unafaa kuliko sindano kwa sababu ni mwembamba na laini, nao hujikunja kabla ya kuikwaruza nozeli. Sindano ya chuma hupanua tundu, na tundu likipanuka halina dawa isipokuwa nozeli mpya: gesi itatoka nyingi kupita kiasi na moto utakuwa wa njano daima, usafishe usisafishe. Baadhi ya majiko niliyoyaona yakiwaka njano yaliharibiwa na sindano ya mtu mwenye nia njema.

Puliza nozeli kwa pampu ya baiskeli. Kama umeitoa, itazame dhidi ya mwanga: unatakiwa kuona nukta moja ya nuru iliyo duara kamili. Ikionekana kama mwezi mchanga, bado kuna kitu ndani.

Bomba nalo lipitishie brashi ya chupa, kisha umulike tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Yanayopatikana humo huwashangaza wenye majiko: utando wa buibui, udongo wa nyigu wanaojenga kwenye mashimo, mayai ya mende, punje za wali, na mawese yaliyodondoka kutoka juu. Udongo wa nyigu ulowekwe kwanza kwa maji ya moto ndipo uchokonolewe. Jiko lililokaa bila kutumika, kwa mfano familia iliposafiri, lichunguzwe hapa kabla ya kuwashwa, hata kama juu linang'aa.

Unaporudisha nozeli, ianze kwa vidole mpaka ikamate nyuzi, kisha uikaze kwa spana kwa mkono mwepesi. Usiizungushie tepu ya fundi bomba wala kuipaka grisi. Vipande vya tepu huingia kwenye tundu, na kazi yote inarudi mwanzo.

## Hatua ya 5: Mwili wa jiko na kiwashio

Mwili wa jiko futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa. Usimwage maji juu yake, kwa sababu yatapenya kwenye swichi na kuondoa grisi ya ndani inayozuia gesi isivuje. Kioo kisisuguliwe kwa waya wa chuma, maana mikwaruzo yake ndipo ufa huanzia.

Kiwashio, yaani ule msumari mdogo wenye kauri nyeupe pembeni mwa kichomeo, kinahitaji kufutwa mafuta na kukaushwa tu. Kama cheche inalia lakini gesi haishiki, mara nyingi ncha yake ina masizi au imepinda mbali na kichomeo. Kauri ikiwa na ufa, cheche itarukia pengine, na hapo kiberiti kitatosha mpaka upate kiwashio kingine.

## Hatua ya 6: Kausha

Panga kila kitu kwenye gazeti juani, vitundu vikitazama chini. Wakati wa kiangazi saa moja au mbili zinatosha. Masika hewa ina unyevu, kwa hiyo futa kwa kitambaa kikavu na upulize kwa pampu kila kitundu.

Tone moja la maji kwenye kitundu hukata mwali hapo. Maji yakibaki ndani ya bomba, mchanganyiko wa gesi na hewa haupiti sawasawa, na utasikia moto unakohoa. Wengi hudhani hapo wameharibu jiko na kulipeleka kwa fundi, kumbe lilikosa jua.

## Hatua ya 7: Rudisha sehemu, kagua mpira na regulata

Rudisha bomba, bati la hewa likiwa kwenye ile alama uliyoweka, kisha kofia. Kofia inayokaa vizuri haitikisiki ukiigusa kwa kidole.

Kabla ya kuunganisha gesi, chukua mpira mkononi na uukunje kidogo kidogo kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukitazama upande wa nje wa kila mkunjo. Nyufa ndogo ambazo hazionekani mpira ukiwa umenyooka hujifungua ukikunjwa. Tafuta pia alama za meno ya panya, sehemu iliyokakamaa kwa joto, na sehemu iliyolainika kwa mafuta. Dosari yoyote kati ya hizo inatosha kuutupa. Mipira mingi huchapishwa mwaka wa kutengenezwa, na mpira uliopita miaka 5 ubadilishwe hata kama unaonekana mzima.

Mpira mpya uwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya gesi, usizidi mita moja na nusu, na usipite nyuma wala chini ya jiko panapopata joto. Ukigoma kuingia, chovya ncha yake kwenye maji ya moto ili ulainike. Usiupake mafuta. Kila ncha ifungwe kwa klipu ya skrubu. Waya wa kufungia, ambao bado unaonekana kwenye nyumba nyingi, hukata mpira polepole, tena mahali usipopaona.

Regulata ifutwe kwa kitambaa kikavu peke yake. Isilowekwe wala kufunguliwa, na kitundu chake cha kupumulia kisizibwe na mafuta au vumbi, kwa kuwa ndani kuna utando wa mpira unaohitaji hewa ili kupunguza mgandamizo wa gesi unaotoka mtungini. Chungulia pia mdomo wa vali ya mtungi: pete ya mpira iliyomo ndani isiwe imekatika wala kupotea.

## Hatua ya 8: Pima uvujaji kwa sabuni

Hatua hii haina mbadala. Kila unapofungua kiungo chochote cha gesi, na kila unapobadilisha mtungi, fanya kipimo hiki kabla ya kuwasha kiberiti. Wako wanaopima kwa mwali wa kiberiti, wakiupitisha kwenye kiungo waone kama utashika. Tafadhali usifanye hivyo, na ukimwona mtu anafanya, mzuie.

Koroga kijiko kikubwa cha sabuni ya maji kwenye nusu kikombe cha maji. Swichi za jiko zikiwa zimefungwa, fungua gesi kwenye regulata. Kwa sponji paka povu kwenye kiungo cha regulata na mtungi, kwenye ncha zote mbili za mpira, kwenye mpira wenyewe, na pale mpira unapoingia kwenye jiko. Subiri dakika moja kwa kila sehemu, ukitazama kwa karibu.

Mapovu ya kukoroga yapo tangu mwanzo na hupasuka yenyewe. Povu la uvujaji huzaliwa mbele ya macho yako, hukua, hupasuka, na lingine likazaliwa pale pale. Ukiliona, funga gesi, kaza kiungo au badilisha pete, kisha pima tena. Kama linatoka kwenye mwili wa regulata au kwenye vali ya mtungi, usijaribu kutengeneza. Regulata nunua nyingine, mtungi urudishe kwa wakala.

Ukisikia harufu kali ya gesi wakati wowote: funga mtungi na ufungue mlango. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya sakafuni, kwa hiyo dirisha peke yake halitoshi. Usiwashe taa na usiizime, kwa sababu swichi hutoa cheche kwa vyote viwili. Zima moto wowote ulio karibu, toa watu nje, na simu ipigwe ukiwa nje. Kama harufu haipungui, piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

## Hatua ya 9: Washa na usome moto

Washa kichomeo kimoja na ukiache dakika tano bila sufuria. Moto mzuri ni wa bluu, una koni ndogo iliyo wazi katikati ya kila mwali, umeshika kwenye vitundu, na hausikiki zaidi ya mvumo mdogo.

Ncha zikiwa za njano, sogeza bati la hewa kidogo sana upande wa kufungua na usubiri dakika nzima kabla ya kulisogeza tena. Miali ikiruka juu ya vitundu na kuvuma, hewa imezidi, basi rudisha kidogo. Unatafuta mahali ambapo njano inapotea na moto bado umeshika. Kama umefungua hewa mpaka mwisho na njano ipo, rudi kwenye nozeli: ama bado ina uchafu, ama tundu lake limepanuka.

Vimulimuli vya rangi ya machungwa vinavyopita na kutoweka visikusumbue. Hivyo ni vumbi au chumvi inayoungua, na utaviona zaidi mtu anapofagia jikoni au baada ya dagaa kufurika. Njano inayohitaji kazi ni ile inayokaa kwenye ncha ya mwali bila kuondoka.

Ukisikia mlipuko mdogo na moto ukaingia ndani, ukivuma chini ya jiko kwenye bomba, zima mara moja. Acha lipoe, kisha angalia kofia, maana karibu kila mara haikukaa sawasawa.

Mwisho, chemsha maji kwenye sufuria lenye kitako safi kwa dakika kumi, uliepue, na likipoa ufute kitako chake kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka bila weusi, kazi imekamilika.

## Kwa wenye kichomeo cha juu ya mtungi

Kichomeo hiki hufungwa moja kwa moja kwenye vali ya mtungi bila regulata, hivyo gesi hukifikia kwa mgandamizo wa mtungi mzima. Kivue nje ya nyumba, mbali na moto wowote, swichi yake ikiwa imefungwa. Mzomeo mfupi wakati wa kuvua ni wa kawaida. Ukiendelea, vali ya mtungi haijajifunga, basi rudisha kichomeo, kaza, na upeleke mtungi kwa wakala.

Nozeli yake huwa kwenye shingo, chini ya matundu ya hewa, na hufunguka unapofungua kichwa cha kichomeo. Isafishe kwa uzi wa shaba kama ilivyoelezwa. Pete ya mpira iliyo chini ndiyo inayochakaa mapema kuliko kitu kingine, na ni vizuri kuwa na ya akiba. Kipimo cha sabuni hapa kifanyike kuzunguka shingo yote, na sufuria kubwa la maharage lisipikiwe juu ya mtungi mdogo, kwa sababu uzito ukiwa juu mtungi unapinduka kwa urahisi, na joto linalorudi chini linaupasha mtungi wenyewe.

## Ratiba ya matunzo

Futa jiko kila jioni likishapoa, hasa siku ya kukaanga samaki wa migebuka. Kofia zioshwe kila wiki. Nozeli na bomba la hewa vinatosha kusafishwa kila baada ya miezi mitatu kwa familia ya kawaida, na kila mwezi kwa mama lishe anayepika kutwa. Kiangazi, vumbi linapokuwa jingi, funika jiko kwa kitambaa usiku ukishalizima na kupoa.

Upepo wa ziwani ukiingia dirishani na kuchezesha moto, hamisha jiko au weka kizuizi pembeni yake. Dirisha lisifungwe, maana hewa safi inahitajika wakati wote unapopika.

Mtungi usimamishwe juu ya kipande cha ubao ili kitako chake kisile kutu kwenye sakafu yenye maji. Unapopokea mwingine, omba upimwe kwenye mizani: jumlisha uzito wa mtungi mtupu, ambao umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, na kilo za gesi unazolipia, uone kama vinalingana.

Mwite fundi ikiwa swichi imekuwa ngumu kuzungusha au inavujisha kwenye mhimili wake, ikiwa kioo kina ufa, au ikiwa nozeli imevunjikia ndani. Na mpira wa zamani, kabla ya kuutupa, ukate vipande vifupi. Usipoukata, mtu ataukuta jalalani, auone bado mrefu na wenye rangi nzuri, akaufunge kwenye jiko lake.